Saa 5:36: kisa cha familia iliyozingirwa na maji kwenye kinamasi cha mlango wa mto

Baba, mama, bibi mwenye miaka 67 na watoto watatu: kifungua mimba wa miaka 11, wa kati wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 4. Matembezi yao yalikuwa mzunguko wa kilomita 7.5 kandokando ya mlango wa mto. Kilomita 2.8 za kwanza ziko juu ya tuta linalozuia maji ya bahari, kilomita 1.2 zinakatiza kinamasi cha chumvi kwa njia ya chini, na kilomita 3.5 za mwisho zinapita malishoni na mashambani hadi maegesho walikoacha gari. Hakuna mlima wala msitu, na njia yote ina alama. Ilipofika saa 7:10 mchana wote sita walikuwa kwenye boti ya uokoaji, watatu kati yao wakitetemeka kwa baridi.

Kisa hiki ni cha mfano. Tumekiunga kutokana na makosa yaleyale yanayojirudia katika matembezi ya familia kwenye milango ya mito, na vipimo vyake tumevipanga ili msomaji aifuate hesabu na kuihamishia kwenye njia yake. Tunaanza na hesabu kwa sababu ndiko kosa lilikozaliwa, siku moja kabla ya mtu yeyote kufunga kamba za viatu.

Walichokijua usiku wa kuamkia safari

Baba alikuwa amesoma jedwali la kujaa na kupwa. Hilo ni jambo jema, na wengi hawafiki hata hapo. Jedwali lilisema maji yatakupwa kabisa saa 1:20 asubuhi, kimo cha mita 0.6, na kujaa kabisa saa 7:32 mchana, kimo cha mita 5.4. Programu ya ramani kwenye simu ikampa muda wa mzunguko wote: saa 1 na dakika 40. Akapanga kuondoka maegeshoni saa 3:30 asubuhi, kuingia kinamasini saa 4:07 na kutoka upande wa pili saa 4:23. Maji yanajaa saa 7:32, kwa hiyo akaona ana akiba ya saa tatu nzima.

Kulikuwa na ushahidi mwingine uliowatuliza zaidi ya jedwali. Wiki moja kabla, yeye na mama walipita njia hiyohiyo, karibu saa zilezile, na hawakuona tone la maji njiani. Mtego huu unawanasa hata watu makini. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kwa kuwa hufuata mwezi. Ndani ya siku saba uchelewaji huo unakaribia saa sita, yaani maji yanageuka kabisa: saa yaliyokuwa yakikupwa, sasa ndiyo saa yanayojaa. Tena wiki ile yalikuwa maji mafu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo. Siku ya safari ilikuwa bamvua, tofauti hiyo inapokuwa kubwa kuliko siku nyingine, ambayo huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kumbukumbu ya wiki iliyopita ni shahidi mbaya kuliko wote katika mlango wa mto.

Maji hayangoji kujaa kabisa

Kosa la kwanza ni kuichukua saa ya maji kujaa kana kwamba ndiyo saa ambayo njia inafungwa. Njia hufungwa maji yanapofikia sehemu yake ya chini kuliko zote, na hilo hutokea mapema zaidi. Katika kisa hiki njia ya kinamasi ina mabonde mawili, kila moja likiwa na hori (mkono mwembamba wa maji ya bahari) lenye daraja la mbao: la kwanza mita 250 kutoka mwanzo wa kinamasi, la pili mita 700. Madaraja yote mawili, pamoja na njia ya kuyaingilia, yako kwenye kimo cha mita 4.6.

Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kukadiria jinsi maji yanavyopanda. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa katika sehemu kumi na mbili. Katika vipindi sita vya mpando, maji hupanda sehemu 1, kisha 2, kisha 3, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Hapa tofauti ni mita 4.8, kwa hiyo sehemu moja ni sentimita 40, na kila kipindi ni dakika 62:

saa 1:20 – mita 0.6
saa 2:22 – mita 1.0
saa 3:24 – mita 1.8
saa 4:26 – mita 3.0
saa 5:28 – mita 4.2
saa 6:30 – mita 5.0
saa 7:32 – mita 5.4

Angalia vipindi viwili vya katikati. Kati ya saa 3:24 na saa 5:28 maji yanapanda mita 2.4, nusu ya safari yao yote. Mtu aliyesimama juu ya tuta saa 3 anaona uwanja wa tope unaometameta, na bahari ni mstari mwembamba kule mbali. Akirudi pale saa 5:30 atadhani yuko mahali pengine.

Mita 4.6 inafikiwa katikati ya saa 5:28 na saa 6:30, yaani saa 5:59. Njia inafungwa saa 6 mchana, saa moja na nusu kabla ya ile saa ambayo baba aliizungushia duara kwenye karatasi.

Na bado hiyo ni ya siku tulivu. Jedwali hukokotolewa kutokana na mwezi na jua, halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, usawa wa bahari hupanda takriban sentimita 1. Siku ile kanieneo ilikuwa 993, ilhali wastani wa kawaida ni 1013: sentimita 20 hizo. Upepo uliovuma siku mbili kutoka baharini kuelekea nchi kavu ukaongeza sentimita 10. Maji yakawa juu ya jedwali kwa sentimita 30 mchana kutwa, na kimo cha mita 4.6 kikafikiwa jedwali lilipokuwa bado kwenye 4.3. Saa ya kufungwa ikarudi nyuma hadi saa 5:36.

Kanuni ya sehemu kumi na mbili ni ya kukadiria tu, na ndani ya mlango wa mto hukosea kwa namna inayoeleweka. Kadiri unavyopanda mto, maji hutumia muda mfupi kujaa na muda mrefu kukupwa, kwa sababu wimbi la kujaa hukimbia haraka zaidi kwenye kina kirefu kuliko lile la kupwa linalojikokota juu ya mchanga na tope. Maji huchelewa kuonekana, kisha huja kwa kasi. Jedwali nalo kwa kawaida ni la bandari iliyo mdomoni. Kinamasi kilicho kilomita kadhaa ndani hujaa baadaye, kwa tofauti inayochapishwa kando au inayojulikana na wenyeji. Vimo na saa tulizotumia hapa ni za kinamasini penyewe. Katika nchi zinazosogeza saa wakati wa kiangazi kuna hatari nyingine: jedwali moja limeshaongeza saa hiyo, jingine halijaongeza, na msomaji anaiongeza mara mbili. Maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali yanastahili kusomwa kabla ya namba zenyewe.

Utajuaje kimo cha njia yako? Bao za tahadhari mara chache hukiandika. Njia ya uhakika ni kusimama tutani siku ya bamvua, mahali salama, na kuandika saa maji yanapogusa ubao wa chini kabisa wa daraja. Nyumbani kokotoa kimo cha saa hiyo kwa jedwali la siku hiyo, nacho ndicho kimo cha njia yako, mpaka tope lihame au daraja litengenezwe upya. Kama huna kipimo hicho, chukulia kwamba siku za bamvua njia ya kinamasi imefungwa tangu saa tatu kabla ya maji kujaa hadi saa tatu baadaye. Kwa familia yetu hiyo ingekuwa saa 4:32 asubuhi. Tutaona baada ya muda mfupi jinsi kanuni hii ya kizembe inavyolingana na hesabu kamili.

Mwendo wa kitinda mimba

Programu ya ramani ilimpa baba mwendo wa kilomita 4.5 kwa saa. Makadirio ya aina hii yana historia ndefu: mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alipendekeza saa moja kwa kila maili 3, karibu kilomita 5, na kuongeza muda kwa ajili ya miinuko. Alikuwa akiwafikiria wanaume wazima wenye afya. Hakumfikiria mtoto wa miaka minne aliyekutana na kaa.

Mtoto wa umri huo anatembea kilomita 3 kwa saa akiwa na ari. Ukijumlisha kusimama, kuokota, kwenda haja, kuvua koti na kulivaa tena, kasi halisi ya familia huwa kati ya kilomita 1.5 na 2 kwa saa. Sisi hupanga kwa 2 juu ya tuta kavu na 1.8 kinamasini, na umbali wa kutwa nzima kwa mtoto wa miaka minne tunauwekea mpaka wa kilomita 3 hadi 4 asipobebwa. Mzunguko wa kilomita 7.5 ulikuwa mara mbili ya uwezo wake hata kama bahari isingekuwepo. Kigari chake kilibaki kwenye gari kwa sababu milango ya tutani ni myembamba, na kibebeo cha mgongoni hakuna aliyekikumbuka.

Sasa tufanye hesabu ambayo ingefaa kufanywa. Tunaianza mwisho na kurudi nyuma:

Njia inafungwa saa 5:36. Kukatiza kilomita 1.2 kwa mwendo wa 1.8 kunachukua dakika 40, kwa hiyo mtu wa mwisho aingie saa 4:56. Ongeza akiba ya nusu ya muda huo, dakika 20, kwa ajili ya kiatu kilichochomoka na kanuni inayokosea. Saa ya mwisho ya kuingia ni saa 4:36, na ile kanuni ya kizembe ilitupa 4:32. Kabla ya hapo kuna kilomita 2.8 za tuta kwa mwendo wa 2, dakika 84. Kuondoka maegeshoni: saa 3:12. Hapo viatu viwe vimeshafungwa na watoto wameshakwenda haja.

Baada ya tukio, kila mtu aliutaja uchelewaji wa asubuhi kama chanzo, kwa kuwa waliondoka saa 4:05 badala ya 3:30. Lakini hata wangeondoka saa 3:30 barabara, wangefika kinamasini saa 4:54 na kutoka saa 5:34, dakika mbili kabla ya maji kukata njia. Mpango ulikuwa umeshaharibika wakati bado uko kwenye karatasi. Uchelewaji uliongeza tu ukubwa wa kosa.

Siku yenyewe

Tutani mambo yalikwenda vizuri. Walifika kwenye lango la maji mwisho wa tuta saa 5:30. Lango hili ndilo mahali pa uamuzi: kushoto njia inateremka kinamasini, kulia inakata malishoni na kuuzunguka mkono wa kinamasi kwa kilomita 1.9. Wangekwenda kulia wangeongeza mita 700 tu. Hawakwenda kulia kwa sababu malishoni kulikuwa na ng'ombe na ndama, na mama aliwaogopa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, tutairudia. Kinamasi kilionekana kikavu, na zulia lake la mimea minene ya chumvi liliwavuta watoto.

Saa 5:38 walikuwa kwenye hori la kwanza. Maji yalikuwa yameanza kulamba njia ya kuingilia daraja, kina cha sentimita tatu. Bibi alivua viatu, watoto wakaruka. Mtoto wa kati akasimama katikati ya daraja akitazama chini. "Mama, povu linarudi nyuma," akasema.

Alikuwa sahihi. Vipande vya povu na jani moja la kahawia vilikuwa vikielekea nchi kavu, kinyume cha mto. Hiyo ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba maji yanajaa, na haihitaji jedwali wala simu: tupa kijiti horini na ukitazame kwa dakika moja. Kikienda kuelekea nchi kavu huku njia imeshalowa, geuka papo hapo. Kutoka darajani hadi langoni zilikuwa mita 250, dakika nane. Mama alijibu "ndiyo, mwanangu" na wakaendelea. Dakika zile ndizo za mwisho ambazo kosa lote la nyuma lingeweza kufutwa bila gharama yoyote.

Ardhi ya kinamasi ina umbo linalodanganya. Maji ya bamvua yanapofurika kutoka horini hupunguza kasi na kuangusha tope zito kwanza, pale ukingoni, kwa hiyo kingo za hori na uwanja ulio kati yake huwa juu kuliko mabonde ambamo njia huvukia. Hapa uwanja wa kati ulikuwa kwenye mita 5.2. Mtu aliye juu yake anatembea pakavu, wakati mabonde yaliyo mbele na nyuma yake yanajaa. Maji hayaji kutoka baharini kama ukuta unaoonekana. Yanapita ndani ya mahori, chini ya usawa wa macho, na kukuzunguka. Morecambe Bay, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, usiku wa tarehe 5 Februari 2004 watu wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe wa baharini walikufa maji kwenye uwanja wa mchanga ambao maji huujia hivyohivyo, kwa mikondo inayomzunguka mtu kabla hajajua.

Saa 5:52, hori la pili: daraja liko chini ya maji kwa sentimita 20. Wakageuka. Saa 6:05, hori la kwanza: sentimita 38, maji ya rangi ya udongo, mbao hazionekani tena.

Wapo watakaouliza kwa nini wazazi hawakuwabeba watoto wakavuka. Sentimita 38 ni magotini. Lakini daraja lina upana wa sentimita 60, halina kishikio, na chini yake hori lina kina cha mita mbili. Ukikosea hatua moja ndani ya maji usiyoona ubao wake, umeingia kwenye mita mbili na zaidi huku umebeba mtoto. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini tu yanatosha kumyumbisha mtu mzima. Kutovuka ulikuwa uamuzi sahihi, na ulikuwa uamuzi wao mzuri wa kwanza siku ile.

Dakika kumi na mbili za tope

Baba alitaka kupima kina kando ya daraja. Hatua ya pili mguu wa kulia ukazama hadi pajani.

Tope la mlango wa mto ni chembe ndogo sana zilizoshikana na maji. Likitulia hubeba uzito kidogo. Likitikiswa hulegea ghafla kama uji. Ukitulia tena linaganda kuuzunguka mguu. Ukivuta mguu juu, chini ya unyayo panabaki utupu unaouvuta kurudi, na nguvu unayotumia inauzamisha mguu mwingine. Ndiyo maana mtu mwenye misuli huzama haraka kuliko mtoto aliyetulia.

Alivuta kwa dakika tatu na akazama sentimita kumi zaidi. Kilichomtoa ni haya, kwa mpangilio huu. Aliacha kuvuta. Aliketi nyuma taratibu, begi likiwa chini ya makalio, ili uzito usambae. Akachezesha unyayo na goti kwa mizunguko midogo, akiacha maji yateremke kando ya mguu na kuujaza ule utupu. Mguu ulipolegea akaupandisha kidogo kidogo, akiwa amelala chali, mikono imetandazwa. Kiatu kilibaki ndani, naye akakiacha, ipasavyo. Kisha akajiviringisha na kutambaa kwa tumbo hadi kwenye mimea, kwa kuwa mizizi hushikilia ardhi. Mimea ni kipimo kizuri cha pa kukanyaga: penye zulia zito la mimea ya kudumu panabeba mtu, penye vijiti vichache vya kijani kibichi vilivyotawanyika ni tope changa, penye kung'aa kama kioo usikanyage kabisa.

Wengine walikaa mbali naye mita tatu. Huo ulikuwa uamuzi wa bibi, aliyewashika watoto wawili mikono na kuwakataza kusogea. Mwokoaji anayekimbilia mtu aliyezama huwa wa pili kuzama. Kama kuna kamba, koti au fimbo ndefu, hurushwa ukiwa umelala chini mahali panapobeba.

Gambuti ndefu zingemfanya baba kuwa na hali mbaya zaidi. Zinajaa tope, hazifungwi, na hushikwa kama kizibo. Viatu vya kamba vinavyobana kifundo cha mguu ndivyo vinavyofaa kinamasini, pamoja na soksi za akiba begini.

Kusubiri

Saa 6:12 mama alipiga simu ya dharura akaomba walinzi wa pwani. Katika nchi nyingi namba 112 hupokelewa kwenye simu ya mkononi, hata pale namba ya kawaida ya dharura ni nyingine. Alisema mambo manne na akanyamaza kusikiliza: mahali kwa viwianishi alivyosoma kwenye simu, idadi ya watu na umri wao, nani amelowa, na kwamba maji bado yanapanda. Hili la mwisho ndilo linaloamua kasi ya msaada na aina ya chombo. Kisha akazima kila programu na kuiacha simu iwake kwa kupigiwa tu.

Uwanja wa mita 5.2 ungeanza kufunikwa saa 6:22 na kuwa chini ya nusu mita ya maji saa 7:32. Kifungua mimba ndiye aliyeona mwinuko wenye nyasi za nchi kavu mita 120 kutoka njiani: kipande cha tuta la zamani, urefu wa mita ishirini, kilichobaki baada ya bahari kuachiwa irudi. Nyasi za nchi kavu hazioti panapofunikwa na chumvi kila bamvua, kwa hiyo zinamwambia mtazamaji kwamba maji hayafiki hapo mara kwa mara. Mstari wa takataka kavu, vijiti na makombe ulikuwa ubavuni mwake, chini ya kilele. Walipanda saa 6:24 huku maji yakianza kupita kati ya mashina ya mimea. Maji yalipofika kimo chake cha juu siku ile, mita 5.7, kilele hicho kilibaki juu kwa sentimita 40.

Pale juu adui akawa upepo. Nyuzi 11 si baridi kali kwa mtu mkavu, lakini mtoto wa miaka minne aliyelowa magotini hupoteza joto haraka, kwa kuwa mwili wake mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Walimvua suruali na soksi mbichi, wakamvika fulana ya kifungua mimba miguuni, wakamkalisha mapajani mwa bibi juu ya begi, na wakubwa wakaupa upepo migongo. Begi lenyewe lilikuwa na maji ya kunywa lita moja na nusu, biskuti na krimu ya jua. Halikuwa na blanketi la karatasi ya foili, ambalo huenea kiganjani, wala filimbi ya kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja na kurudia. Boti bapa ilifika saa 6:55. Bila boti wangesubiri hadi njia ifunguke saa 9:28 alasiri, na pengine zaidi, kwa sababu mahori hukauka polepole kuliko yanavyojaa.

Wale ng'ombe

Mama hakukosea kuwaogopa. Ng'ombe mwenye ndama humshambulia mtu anayekatiza kati yake na mtoto wake, na mbwa huzidisha hatari. Kilichokosekana ni namna ya kuwapita. Simama mlangoni kwanza uone walipo. Zunguka kwa ukingo wa malisho, mita 50 au zaidi kutoka kwao, hata kama njia ya alama inapita katikati. Watu wazima wakae upande wa ng'ombe, watoto upande wa uzio, mwendo wa kawaida, bila kukimbia na bila kelele. Kama kuna mbwa, awe kwenye kamba fupi, na aachiwe mara ng'ombe wakimkimbilia, kwa sababu mbwa ataponyoka na wao watamfuata yeye. Wakijaa mlangoni, rudi ulikotoka. Kwa familia hii kurudi tutani kulikuwa bado kunawezekana saa 5:30, na kulikuwa salama kuliko njia zote mbili.

Siku hiyohiyo, watu walewale

Tungeipanga hivi. Kinamasi kifutwe: kwa bamvua inayojaa mchana na mtoto wa miaka minne, hakuna saa ya kuondoka inayofaa baada ya saa 3:12 asubuhi. Wangeondoka saa 4:05 kama walivyoondoka, kitinda mimba akiwa na kibebeo cha mgongoni kwa ajili ya mita 2,000 za mwisho, na kwenda tutani hadi langoni na kurudi. Jumla kilomita 5.6, zote kwenye ardhi kavu. Njia ya kinamasi wairudie siku ya maji mafu, wakiingia maji yanapoanza kukupwa kutoka kwenye kimo cha daraja, ili kila dakika ya kuchelewa iwaongezee muda badala ya kuwapunguzia.

Na langoni wasingekosa kitu. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa, tope lote ambalo asubuhi liliwatawanya ndege kwa kilomita nyingi linafunikwa, na ndege wenyewe wanasukumwa kuelekea tutani. Kwanza wanakuja wenye miguu mifupi, kwa kuwa maji yanawafikia tumboni mapema. Wenye miguu mirefu wanachelewa. Mwishoni korongo mmoja mmoja anasimama ukingoni. Hapo inafaa kukaa chini ya mgongo wa tuta, upande wa nchi kavu, vichwa tu vikichungulia, kwa sababu ndege aliyerushwa maji yakiwa yamejaa hana pengine pa kutua. Mtoto wa miaka saba apewe kijiti kimoja na kipande cha chaki, achore mstari kwenye ukuta wa lango maji yanapofika, na mwingine kila baada ya dakika kumi. Kuanzia saa 5:30 mistari yake ingeachana kwa sentimita kumi na tatu hivi. Karibu na saa 7:32 ingekaribiana hadi kugusana.